Kuoana na Mjerumani: Ruhusa ya Kukaa na Hesabu ya Miaka Mitatu

  

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wa pwani yetu wanalijua kwa nje tu. Mtu wa Diani, wa Malindi au wa Unguja huenda amepata kuhudhuria harusi ya mwenzake na mgeni kutoka Ujerumani. Pilau limeliwa, picha zimepigwa, kisha wazee husema, "Huyu sasa ni mtu wa Ulaya." Hapo ndipo penye kosa. Harusi haimfanyi mtu kuwa mkaaji wa Ujerumani. Humpa haki ya kuomba tu, na kuomba kwenyewe kuna hatua tatu: kwanza viza ya kuingia, pili ruhusa ya kukaa kwa muda, tatu ruhusa ya kukaa daima. Mara nyingi nitasema "mke" kama ndiye aliyetoka kwetu, lakini sheria ni ile ile kwa mwanamume.

Tuanze na ndoa. Iwe ya kadhi, ya kanisani au ya mkuu wa wilaya, sharti iwe imeandikishwa serikalini na cheti kiwepo mkononi. Wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Tena ndoa iliyofungwa kwa ajili ya kupata viza tu haikubaliwi, kwa hiyo maafisa wakiwa na shaka huweza kuwauliza mume na mke mbalimbali: mlikutana wapi, mwenzako anafanya kazi gani, nani alikuja harusini. Usikariri majibu. Sema yaliyotokea.

Wako wanaotafuta njia ya mkato. Huenda kwa viza ya matembezi ya siku 90, wengine wakavuka mpaka na kuoana Denmark, ambako ndoa hufungwa upesi. Ndoa ya Denmark ni ndoa halali, sina ubishi. Lakini cheti hicho hakigeuzi viza ya matembezi kuwa viza ya kukaa, na kwa kawaida mtu huambiwa arudi kwao akaombe viza inayostahili. Nauli imekwenda bure.

Sasa lugha. Tangu mwaka 2007 anayeomba viza hii hutakiwa kuonyesha cheti cha Kijerumani cha daraja ya kwanza, iitwayo A1. Taasisi ya Goethe, yenye madarasa Nairobi na Dar es Salaam, hufundisha na kutahini. Mtihani una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Alama zote ni 100, na mwenye 60 amefaulu. Katika kuandika utajaza fomu, kisha utaandika barua ya maneno kama 30 hivi. Katika kusema utakaa na wenzako mezani, utaje jina lako, umri, nchi na kazi yako. Halafu mtahini atakuomba utaje jina lako herufi moja moja, na nambari tarakimu moja moja.

Hapa sisi Waswahili tuna bahati. Majina ya irabu zao, a, e, i, o, u, ni kama yetu, kwa hiyo aliyesoma Kiingereza ayasahau yale ya Kiingereza. Za kujifunza ni chache: J huitwa "yot", V huitwa "fau", W huitwa "ve", Z huitwa "tset". Hesabu ndiyo yenye mtego. Sisi twasema arobaini na tano. Wao husema tano na arobaini. Usipojizoeza, utasikia 45 ukaandika 54, na treni ya saa hiyo imekupita. Mwombe mtu nyumbani akusomee nambari za simu kila jioni.

Je, asiyeweza kabisa? Mahakama Kuu ya Utawala ya Ujerumani iliamua mwaka 2012 kwamba mke au mume wa raia wa Ujerumani asizuiwe na mtihani ikiwa amejitahidi mwaka mzima bila kufaulu, au ikiwa hakuna njia ya haki ya kujifunza mahali alipo. Lakini sharti aonyeshe jitihada hizo: hati za malipo ya masomo, na matokeo ya mitihani aliyoshindwa. Basi usitupe hata cheti cha kushindwa.

Haya, viza imetoka, umefika. Baada ya kuhamia nyumbani una majuma mawili ya kujiandikisha katika ofisi ya mji, ukiwa na barua ya mwenye nyumba kwamba unakaa pale. Kisha, kabla viza haijaisha, nenda Ofisi ya Wageni, ambayo wenyewe huiita Ausländerbehörde, ukaombe ruhusa ya kukaa. Ruhusa hii hutolewa kwa muda, kisha huongezwa maadamu mnaishi pamoja. Nayo hukupa haki ya kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Mume akikuambia hairuhusiwi, soma kadi yako mwenyewe. Utapelekwa pia kwenye masomo ya lugha na ya maisha ya nchi: kwa kawaida vipindi 600 vya lugha na 100 vya maisha ya nchi, kila kipindi dakika 45. Ni kazi ndefu, lakini msiikimbie. Mtaona faida yake sasa hivi.

Sasa nawaomba msikilize kwa makini, kwa kuwa hili ndilo lililonileta.

Tuseme yuko Mwanaisha wa Kwale. Ni jina la mfano. Aliolewa Juni 2022. Akasoma lugha, akangoja viza, akaingia München Mei 2023. Machi 2025 mumewe akafunga mizigo akahama. Mwanaisha akajipa moyo: "Ndoa yangu inakaribia miaka mitatu." Hesabu yake ni ya harusi. Hesabu ya serikali ni nyingine: huhesabiwa muda ambao mume na mke wameishi pamoja ndani ya Ujerumani, naye akiwa na ruhusa. Kwa Mwanaisha ni mwaka 1 na miezi 10. Kama angetimiza miaka 3, angepata ruhusa yake mwenyewe, isiyomtegemea mume, kwanza kwa mwaka mmoja. Kabla ya hapo, kutengana kwaweza kumpotezea haki ya kubaki.

Tena angalieni: kinachokata hesabu ni siku ya kutengana, si siku ya talaka. Talaka ya mahakama ya Ujerumani kwa kawaida hungoja mwaka mzima wa kutengana. Mwaka huo hauingii katika ile mitatu.

Lakini sheria haikumfungia mlango kila mtu. Mume akifa wakati mnaishi pamoja, haki yako haifi naye. Mkiwa na mtoto mdogo aliye raia wa Ujerumani nawe unamlea, una haki ya kukaa kwa ajili ya mtoto. Na mke anayepigwa au kuteswa hatakiwi kuvumilia mpaka miaka itimie. Sheria yenyewe yataja mateso ya nyumbani kuwa sababu ya kumpa ruhusa yake kabla ya muda huo. Aende kwa daktari, apate hati, aende polisi, atafute shauri. Simu ya kuwasaidia wanawake ni 116 016, bila malipo, usiku na mchana, na wako wakalimani wa lugha nyingi. Caritas na Diakonie nao wana ofisi za kuwashauri wageni bure, wawe Wakristo au wasiwe.

Mume anayesema "nitakurudisha kwenu kesho" anajipa cheo asichokuwa nacho. Yeye aweza kuarifu ofisi kwamba mmetengana. Kuamua ni kazi ya ofisi, na uamuzi wake waweza kupingwa mahakamani. Pasipoti yako na kadi yako ni zako, uziweke wewe. Hata katika ndoa yenye raha, sioni kwa nini karatasi za mke zifungwe katika kabati la mume.

Hatua ya tatu ni ruhusa ya kukaa daima, Niederlassungserlaubnis. Msitishwe na urefu wa neno. Mgeni wa kawaida huhitaji miaka 5 na michango ya miezi 60 ya pensheni. Mke wa raia huweza kuipata baada ya miaka 3 ya ruhusa, mkiwa bado mnaishi pamoja, mna riziki ya kutosha, hakuna kosa kubwa la jinai, nawe una Kijerumani cha daraja ya B1. Ndiyo ile faida ya vipindi 600. Haiji yenyewe. Sharti uiombe, na ofisi nyingi zina foleni ndefu, basi omba miadi mapema.

Kwa Mtanzania ruhusa hii ina thamani ya pekee. Mkenya aweza kuwa na uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, na Ujerumani nayo imekubali tangu 27 Juni 2024. Tanzania kwa kawaida haimruhusu mtu mzima. Mwenye ruhusa ya daima anakaa Ujerumani na pasipoti ya kwao ingali mfukoni.

Jihadharini na miezi 6. Ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya hapo, ruhusa ya muda huisha yenyewe. Aliye na ruhusa ya daima na anayeishi na mume raia huweza kusalimika. Ukienda kumuuguza mama, andika Ofisi ya Wageni kabla ya kuondoka, uombe muda mrefu zaidi, upewe jibu kwa maandishi.

Kazi ya nyumbani. Bwana Salim alimwoa Mjerumani Unguja Januari 2020. Aliingia Hamburg Oktoba 2020. Mkewe alihama nyumbani Novemba 2023, na talaka ikatoka Februari 2025. Je, Bwana Salim alitimiza miaka mitatu? Ni tarehe zipi mbili ulizozihesabu, na zipi mbili umeziacha? Jadilianeni darasani, kila mmoja aandike jibu lake.