Supu ya Pweza, Kitambi na Homoni ya Kiume

Giza likiingia Dar es Salaam, meza za pweza hujitokeza kando ya vituo vya daladala. Vipande vimechomekwa vijiti, supu inafuka mvuke, ndimu na pilipili ziko tayari, na wateja karibu wote ni wanaume. Utani ni mwingi, kwa sababu kila mmoja anajua kilichomleta mwenzake, na si njaa peke yake bali nguvu za kiume.

Pweza tumpe haki yake. Gramu 100 za pweza aliyepikwa zina protini inayokaribia gramu 30 na zinki kama miligramu 3, na mwanamume mzima anahitaji zinki miligramu 11 hivi kwa siku. Madini haya yakipungua sana mwilini, testosteroni nayo hushuka. Basi ni chakula kizuri, na wanaokula dagaa, nyama, maharage na mbegu za maboga nao wanapata zinki hiyohiyo. Ila aliyekwisha kushiba zinki hapati homoni zaidi kwa kuongeza bakuli la pili, wala hakuna supu inayonywewa saa mbili usiku ikapandisha homoni kufikia saa nne.

Mezani pale huwa yanachanganywa mambo mawili. Testosteroni ndiyo yenye mamlaka juu ya hamu ya tendo la ndoa, na inachangia misuli, mifupa na utengenezaji wa damu. Kusimama kwa uume, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya mishipa ya damu na ya fahamu. Mzee wa miaka 50 anayelalamika kuishiwa nguvu mara nyingi ana sukari au presha ambayo hajawahi kuipima. Mishipa ya uume ni myembamba, kwa hiyo huanza kulalamika kabla ya ile ya moyo. Mtu wa namna hii akipewa unga wa mitishamba usio na lebo ukamfanyia kazi ndani ya saa moja, mimi daktari nashtuka badala ya kufurahi. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta sildenafili, dawa ya kusimamisha uume, imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba tupu, na kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, mchanganyiko huo unaweza kuporomosha presha hadi kuua.

Sasa homoni yenyewe. Amri hutoka ubongoni, hupitia tezi ya pituitari, na korodani hutekeleza. Kwa kijana, uzalishaji hupanda akiwa usingizini, ndiyo maana kiwango huwa juu alfajiri. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua vijana 10 wenye afya, wakawapunguzia usingizi hadi saa 5 kwa usiku kwa muda wa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Kwa kawaida umri hupunguza kama asilimia 1 au 2 kwa mwaka, hivyo wiki hiyo moja iliwashusha kwa kiasi ambacho umri ungechukua miaka kadhaa kukifikia. Nikiwaza mlinzi wa zamu ya usiku, au dereva wa bodaboda anayesukuma siku kwa vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu, naona tatizo ambalo pweza halifikii. Na anayekoroma kwa nguvu, akakata pumzi kisha akashtuka, apimwe. Huyo anaweza kulala kwa muda wa saa nane lakini usingizi wake umekatikakatika.

Kitambi ndicho adui mkubwa kuliko wote, ingawa mitaani bado wapo wanaokiita dalili ya neema. Mafuta ya tumboni hayakai bure. Yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, na ubongo ukiiona estrojeni hiyo hudhani homoni zinatosha, ukapunguza amri. Testosteroni ikishuka, misuli hupungua na mafuta huongezeka, kisha mchezo unaanza upya. Habari njema ni kwamba njia hii ina marejeo: wanaume wanene wanaopunguza uzito, homoni hupanda, na kadiri uzito unavyoshuka ndivyo inavyopanda.

Kwa hiyo ushauri wangu wa chakula hauna maajabu. Soda itoke, chipsi za kila usiku ziwe za nadra, mlima wa ugali upungue na maharage, mboga na samaki viongezeke. Mafuta usiyakimbie kabisa, kwani homoni hii hutengenezwa kutokana na kolesteroli. Bia nyingi za kila siku huumiza korodani moja kwa moja, mbali na kukuza tumbo. Soya wanaume wengi wanaiogopa bure; tafiti zilizokusanywa pamoja hazikuonyesha kwamba inashusha testosteroni.

Na mazoezi? Kunyanyua vyuma hupandisha homoni kwa muda mfupi tu, kisha hurudi ilipokuwa. Faida ya kudumu ni misuli inayojengeka na tumbo linalopungua. Anayejikomoa kila siku huku akila kidogo, homoni zake hushuka.

Mwenye hamu iliyopotea, aliyeacha kuamka na uume umesimama, ana sababu ya kupima. Damu itolewe kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula, na jibu likiwa chini kipimo kirudiwe siku nyingine. Nimeona watu wakianzishiwa sindano kwa kipimo kimoja cha alasiri. Hapo ndipo penye hatari ambayo vijana wa jimu hawaambiwi: testosteroni ya sindano huufanya ubongo uache kutuma amri, korodani zikasinyaa na mbegu zikaisha. Kuzirudisha baada ya kuacha huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Anayetafuta mtoto aliseme hilo kwa daktari kabla hajakubali kuchomwa.