Roboti Kizimbani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Prague, mwaka 1921, kwenye mchezo wa Karel Čapek ambamo maroboti yanawaasi mabwana zao. Televisheni ilirithi hofu hiyo. Hata hivyo, kazi yake bora katika uwanja huu, kwa maoni yangu, haina uasi wala risasi. Ina kesi.

Ni kipindi kimoja cha tamthilia ya Marekani, Star Trek: The Next Generation, kilichorushwa mwaka 1989. Mwandishi wake, Melinda Snodgrass, alikuwa mwanasheria kabla ya kushika kalamu, na inaonekana. Data, roboti mwenye cheo cha afisa, anatakiwa afumuliwe na mtaalamu anayetaka kuunda wengine kama yeye. Anapokataa, anaambiwa yeye ni mali, na mali haina hiari. Rafiki yake Riker analazimishwa kuwa mwendesha mashtaka. Akipekua michoro ya Data, anagundua swichi ya kumzima. Anatabasamu kama wakili aliyepata ushahidi, kisha tabasamu linamfia mdomoni. Mahakamani anaung'oa mkono wa Data, halafu anabonyeza swichi, na mshtakiwa anaangukia meza kama gunia.

Kapteni Picard, anayemtetea Data, hahangaiki kuthibitisha kwamba Data ana nafsi. Anamgeukia mtaalamu na kumtaka athibitishe kwamba yeye Picard anayo. Mtaalamu anababaika. Naye hakimu, kwa busara, anaamua tu kwamba Data si mali. La nafsi analiacha.

Tamthilia ya Westworld ya mwaka 2016 ni katili zaidi. Maeve, anayeigizwa na Thandiwe Newton, anaonyeshwa kishikwambi ambamo kila neno analotamka linajipanga kabla hajamaliza kulisema. Ulimi unamkwama, naye anaganda. Baadaye hata mpango wake wa kutoroka unakutwa umeandikwa na mtu mwingine.

Lakini tamthilia zote hizi zina hila moja. Roboti huigizwa na binadamu. Brent Spiner, aliyeigiza Data, alipakwa rangi na kuvishwa lenzi za manjano, ila nyuma ya rangi hiyo tunamwona mtu, na mtazamaji huwa ameshatoa hukumu hata kabla ya Picard kusimama. Programu zinazozungumza nasi leo hazina uso wa kutuhonga. Mwanahisabati Alan Turing, katika makala yake ya mwaka 1950, aliuficha uso makusudi: mtu na mashine wakae chumba kingine, wajibu kwa maandishi tu. Tutaanzia hapo wiki ijayo.