Maisha ya Nyota Kubwa na Jinsi Yanavyokadiriwa

Kwa miaka mingi wavuvi wa Baraka, katika eneo la Fizi, Kivu ya Kusini, wamewavuta dagaa, au ndakala kama wanavyoitwa huko, kwa mwanga wa taa katika usiku usio na mbalamwezi. Aliyetumia taa ya mafuta alijua hesabu moja pasipo kufundishwa: muda wa taa kuwaka hutegemea wingi wa mafuta na kasi ya kutumika kwake. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa kukadiria maisha ya nyota.

Ifahamike kwamba kitenzi kuwaka, kinapotumika kwa nyota, ni sitiari tu. Katika kitovu cha nyota viini vya haidrojeni huungana kwa joto kali na kuwa heliamu, na takriban asilimia 0.7 ya tungamo lao hugeuka nishati. Jua hutumia hivyo tani milioni 600 hivi za haidrojeni kila sekunde. Kwa kuwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya tungamo lake inayofikiwa na joto la kutosha, maisha yake hukadiriwa kuwa miaka bilioni 10, na karibu nusu yake imekwisha kupita.

Mtu angedhani kwamba nyota kubwa, yenye akiba kubwa, huishi zaidi. La hasha. Uzito wake hukigandamiza kitovu, joto hupanda, na matumizi hukua kuliko akiba. Kwa nyota nyingi, mwangaza huongezeka takriban kwa kipeo cha 3.5 cha tungamo. Hivyo nyota yenye tungamo mara 10 ya lile la Jua hung'aa kama mara 3,000 ya Jua. Maisha yake ni miaka milioni 30 hivi tu.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina mipaka. Kwa nyota ya mara 25 hutoa miaka milioni 3, ilhali hesabu za kina hutoa takriban milioni 7. Sababu ni mbili: mwangaza wa nyota kubwa mno hauongezeki kwa kasi ile ile, na kuchanganyika kwa gesi katika kitovu chake huiwezesha kutumia sehemu kubwa zaidi ya akiba.

Ushahidi uko angani. Nyota za Kilimia, jina lililotokana na kulima, zilizaliwa pamoja, na miongoni mwake haimo tena hata moja inayowaka yenye tungamo mara 10 ya Jua. Kutokana na pengo kama hilo wanafalaki hukadiria umri wa kundi hilo kuwa zaidi ya miaka milioni 100.

Kwa msomaji wa Fizi, kipimo cha karibu ni ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika hukadiriwa kuwa lilianza kuumbika miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Nyota ya mara 25 iliyoanza kuwaka wakati huo imekwisha kuzimika zamani, na maji ya Baraka yangalipo.