Mwalimu naye afundishwe: Simu iliyo mkononi mwake ni amana

SIFA zote njema zinamstahikia Allah (SW), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyemneemesha mwanadamu kwa kusoma na kuandika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliye mwalimu bora wa walimu wote, pamoja na aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zetu katika imani, miezi michache iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa, mzazi mmoja alitusubiri barazani mwa msikiti akatuomba ushauri. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amegoma kwenda madrasa. Aliahidiwa zawadi, akakaripiwa, akabembelezwa na bibi yake, lakini wapi! Chanzo kilipotafutwa, kikaonekana ndani ya simu. Ustadhi wake alimrekodi akisoma sura fupi. Mtoto akakwama mara tatu mahali pamoja, kisha akalia. Ustadhi akaituma picha hiyo ya video katika kundi la WhatsApp la wazazi, akaandika chini yake kwamba wazazi wasiposikiliza watoto wao nyumbani, matokeo ndiyo hayo. Mzazi mmoja akaipeleka kwa ndugu zake, na ndugu wakaipeleka kwa rafiki zao. Haikupita wiki, watoto wa mtaani wakawa wanamwigiza yule binti kila anapopita kwenda dukani kununua sukari.

Tulipomwendea ustadhi, alisikitika kwa dhati. Nia yake ilikuwa kuwazindua wazazi, wala hakukusudia kumfedhehesha mtoto. Kisha akatuambia maneno ambayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Alisema kuwa katika maisha yake amefundishwa tajwidi, fiqhi, na hata namna ya kumshika mtoto mkono aandike herufi, lakini hakuna mtu aliyewahi kumfundisha nini afanye na nini aache anaposhika simu mbele ya wanafunzi wake.

Tumewaonya watoto, walimu tumewasahau

Kwa miaka mingi mawaidha yetu kuhusu intaneti yamewaelekea watoto. Tunawaambia wazazi wasiwaachie watoto simu, na tunawaambia watoto kuwa mitandaoni kuna machafu. Hayo ni kweli, na Allah (SW) katika Suratut-Tahrim, aya ya 6, ametuamrisha kujikinga sisi wenyewe na ahali zetu na moto. Lakini tujiulize: mtoto asiyemiliki simu, je, hayumo ndani ya simu? Yumo. Yumo katika simu ya mwalimu wake. Humo kuna picha yake, jina lake kamili, alama zake za mtihani, ada anayodaiwa, maradhi aliyonayo na namba ya simu ya baba yake. Mambo ambayo zamani yaliandikwa katika daftari na kufungiwa kabatini, leo yamo katika chombo kinachoachwa juu ya meza na kuazimwa na kila anayetaka kupiga simu.

Hali hii ilizidi mwaka 2020. Tarehe 17 Machi ya mwaka huo Serikali ya Tanzania ilitangaza kufungwa kwa shule kutokana na ugonjwa wa korona, na walimu wengi kwa mara ya kwanza wakajikuta wakituma kazi za masomo kupitia simu za wazazi. Shule zilifunguliwa tena, lakini makundi yale yamebaki na kuongezeka. Kwa maneno mengine, chombo kimetufikia kabla ya adabu zake.

Kujifunza chombo kipya ni Sunna

Wapo wanaodhani kuwa mafunzo ya namna hii ni mambo ya wataalamu wa kompyuta na hayahusiani na dini. Tunawakumbusha habari ya sahaba mtukufu Zayd bin Thabit (RA). Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kuwa Mtume (SAW) alimwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa palihitajika mtu mwaminifu wa kuandika barua za kwenda kwao na kusoma zilizotoka kwao. Zayd alijifunza, na haikupita nusu mwezi akawa ameyamudu.

Katika habari hiyo tunapata mafunzo mawili. La kwanza ni kuwa Mtume (SAW) hakutosheka na uaminifu wa Zayd peke yake. Alitaka awe na ujuzi pia. Mwalimu mcha Mungu asiyekijua chombo anachokitumia anaweza kudhuru bila ya kukusudia, kama tulivyoona. La pili ni kuwa usalama wa mawasiliano, yaani nani anaandika, nani anasoma na je, ujumbe ni wa kweli, ulikuwa ni jambo lililoshughulikiwa na Mtume mwenyewe.

Mambo matano ya kufundishwa

Basi mwalimu afundishwe nini? Kwa kuzingatia mafundisho ya dini yetu, sheria za nchi na hali halisi ya shule na madrasa zetu, tunayaona mambo matano.

Kwanza, ruhusa na sitara. Mtume (SAW), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alibainisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya kuyazuia macho. Kamera nayo ni jicho, tena jicho lisilosahau. Kwa hiyo mwalimu asimpige mtoto picha na kuituma bila ya idhini ya mzazi, asiweke pamoja sura ya mtoto, jina lake kamili na jina la shule yake, na asirekodi kabisa kosa, kilio au adhabu ya mtoto. Suratul-Hujurat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Na picha ya mtoto anayekwama kusoma ni mlango wa yote mawili. Sheria ya nchi nayo imo katika njia hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa zinazohusu watoto katika fungu la taarifa nyeti, zinazotaka uangalizi wa juu zaidi.

Pili, mipaka ya mazungumzo. Bukhari na Muslim wamepokea katazo la Mtume (SAW) la mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiye maharimu wake. Ujumbe wa siri wa usiku baina ya mwalimu na mwanafunzi ni faragha, ijapokuwa kila mmoja yuko nyumbani kwake. Mwalimu afundishwe kupitisha ujumbe kwa mzazi, au katika kundi lenye watu wazima wasiopungua wawili. Kanuni hii inamlinda mtoto, na inamlinda pia mwalimu na tuhuma.

Tatu, kulinda funguo. Neno la siri ni ufunguo wa nyumba ya watu wengi. Mwalimu anayelitumia lile lile katika barua pepe, simu na kompyuta ya shule, au aliyelibandika ukutani ofisini, ameacha mlango wazi. Afundishwe kuifunga simu yake, kuweka uthibitisho wa hatua mbili katika WhatsApp, na kutomtajia mtu yeyote namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe mfupi, hata akidai anapiga simu kutoka kampuni ya simu. Matapeli wanaoandika "ile pesa tuma kwenye namba hii" tunawajua sote. Wapo pia wanaompigia mzazi wakijifanya ni walimu, wakidai mtoto ameanguka shuleni na zinahitajika fedha za matibabu upesi. Tapeli akishaliteka kundi la wazazi, anazipata namba zote pamoja na imani ya wazazi kwa mwalimu. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeiweka kwa ajili hiyo.

Nne, kuhakikisha habari. Suratul-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuichukulia hatua tusije tukawadhuru watu na kisha tukajuta. Imamu Muslim naye amepokea kuwa inamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila analolisikia. Ni mara ngapi tumeletewa "hadithi" isiyo na mpokezi wala kitabu, ikihimiza tuisambaze kwa watu kumi? Leo jambo limekuwa zito zaidi, kwani programu za akili bandia zinaweza kutengeneza sauti ya sheikh tunayemfahamu, au sura yake, ikisema asilolisema. Mwalimu ajifunze kuuliza: ni nani aliyeitoa habari hii, lini, na ipo wapi asili yake? Akishajua yeye, atawarithisha wanafunzi wake.

Tano, kumpokea mtoto aliyedhuriwa. Hili ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2022 mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF yalitoa taarifa ya utafiti uliofanywa hapa Tanzania kuhusu udhalilishaji wa watoto kupitia mitandao. Mojawapo ya mambo yaliyobainika ni kuwa watoto wengi waliofikwa na udhalilishaji huo hawaendi kuripoti, na aghalabu mtendaji si mgeni kwao. Kwa nini mtoto anyamaze? Kwa sababu anaogopa kuwa atakayemwambia atamkaripia kwanza. Mwalimu afundishwe kusikiliza bila ya kumlaumu, na kutoahidi siri asiyoweza kuitunza. Tena asizirushe picha za aibu kwa walimu wenzake au kwa wazazi eti kama ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeharamisha kusambaza picha chafu za watoto, na katika dini yetu kuueneza uchafu kumekemewa vikali katika Suratun-Nur, aya ya 19. Simu ihifadhiwe kama ilivyo, mzazi aitwe, na jambo lifikishwe katika Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi au kwa simu ya huduma kwa mtoto, namba 116.

Ustadhi wa madrasa asiachwe nyuma

Ni haki kusema kuwa kwa upande wa shule ipo njia iliyokwishafunguliwa. Shirika la UNESCO lilitoa mwongozo wa stadi za TEHAMA kwa walimu mwaka 2008, likauboresha mwaka 2011 na tena mwaka 2018, na sasa una stadi 18. Hapa nchini upo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kwa jina la MEWAKA, ambapo walimu hukutana shuleni mwao na kujifunza wao kwa wao. Wazazi mnaohudhuria vikao vya shule, ulizeni: je, katika vikao hivyo vya walimu usalama wa mitandao unafundishwa, au kinachofundishwa ni kuwasha na kuzima kompyuta tu?

Lakini mpango huo ni wa walimu wa shule. Nani atamfundisha ustadhi anayewapokea watoto wetu kila siku baada ya Alasiri? Huyo ni jukumu letu. Tunapendekeza kila kamati ya msikiti itenge Jumamosi nne, saa mbili kila moja. Tunao vijana katika vyuo wanaosomea kompyuta, tunao walimu wa shule waliokwishapata mafunzo, na tunao mawakili wanaoswali nasi. Gharama yake haizidi chai na maandazi. Mwisho wa mafunzo yaandikwe masharti machache ya madrasa, yasomwe mbele ya wazazi na kubandikwa ukutani. Nasi wazazi tujifunge nayo, maana video ya yule binti haikutoka nje ya kundi kwa mkono wa ustadhi, bali kwa mkono wa mzazi mwenzetu.

Kila mmoja ni mchunga

Bukhari na Muslim wamepokea kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Aya ya 58 ya Suratun-Nisaa nayo inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Mtoto tuliyemkabidhi mwalimu ni amana. Na picha yake, sauti yake na siri zake ni sehemu ya amana hiyo. Haitakuwa uadilifu kumlaumu mwalimu kwa kuvunja adabu ambazo hatukumfundisha, wala haitakuwa uadilifu kuendelea kutomfundisha baada ya kujua.

Na yule binti? Ustadhi wake alifunga safari hadi nyumbani kwao, akaketi mkekani, na mbele ya wazazi akamwomba mtoto msamaha. Kisha akaomba katika kundi kila mmoja aifute picha ile. Baada ya siku chache binti akarejea madrasa, na Alhamdulillah, ile sura sasa anaisoma bila ya kukwama. Lakini baba yake alitueleza jambo moja ambalo hatuna jibu lake: hajui hadi leo picha ile ingali katika simu ngapi, wala ni nani atakayeitoa binti huyo atakapokuwa mkubwa.

Tunamwomba Allah (SW) awasitiri watoto wetu, awape walimu wetu elimu yenye manufaa na ujira mwema, na atujaalie sisi wazazi kuwa wasaidizi wao. Wabillahi tawfiq.