Kuumwa na maziwa hakumtoi mtu kwenye kabila lake

Maswali yanayotufikia kutoka Kondoa na Chemba yanafanana. Wasandawe wana sauti za vidoko kama Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Si ndugu wa damu hao? Na mtoto wa Kibarabaig anayeharishwa na maziwa, ni Mbarabaig kweli?

Nianze na vidoko. Mwaka 2007, mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake walichunguza vinasaba vya upande wa mama na wa baba, wakakadiria kwamba Wasandawe na Wahadzabe walitengana zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Undugu upo, ila ni wa mbali mno.

Maziwa yanaeleza zaidi. Kwa watu wengi duniani, jeni ya laktasi, kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa, hufifia baada ya utoto; sukari hiyo hufika utumbo mpana bila kusagwa, bakteria wakaichachua, tumbo likajaa gesi. Kwa wafugaji wengi wa kwetu jeni hiyo haififii kwa sababu ya herufi moja tu ya DNA: G iliyogeuka kuwa C. Na herufi yenyewe haimo kabisa ndani ya jeni ya laktasi! Iko nyuma yake kwa herufi 14,010, ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6, kwenye kipande kisichotengeneza protini yoyote. Ikiwa huko, huisukuma laktasi iendelee kufanya kazi hadi uzeeni. Wazungu wana badiliko lao, herufi 100 tu kutoka hapo, lililozuka kivyake.

C hiyo, inayokadiriwa kuwa na umri wa miaka 2,700 hadi 6,800, imeenea sana kwa Wakushi na Waniloti wa Tanzania, ambao lugha zao ni za koo tofauti kabisa. Wasandawe nao wanayo, kwa kiwango cha chini. Watu walioleana. Bibi arusi hujifunza lugha ya wakwe na wanawe hukua nayo, lakini vinasaba vya kwao huendelea kwa wajukuu. Hakuna kabila ambalo watu wake wote wana C, wala ambalo kuikosa kunamtoa mtu.

Kwa hiyo anayekuuzia mizizi ya "kusafisha damu" ili upatane na maziwa ni tapeli. Hakuna mzizi unaogeuza herufi hiyo.

Yakikusumbua, kunywa ya mgando. Bakteria wameshapunguza sukari. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Kuharisha kusikokoma, au kwenye damu, ni kwa zahanati, si kwa mganga.