Krimu ya kinywa si mkorogo

"Mwalimu, mbona siku hizi huongei, unaandika tu ubaoni?" Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivyo mwaka 2019. Sikumjibu. Kufungua kinywa kulikuwa mateso. Mashavu yangu kwa ndani yalikuwa na mistari myeupe iliyosukana kama wavu, na katikati yake vidonda vyekundu. Chai ya moto na pilipili nilikwisha kuziaga.

Sisi tuliosomea Ulyankulu tukarudi Burundi tumezoea kutafuta kila kitu sokoni. Pale Mabanda, mchuuzi mmoja alinipa tyubu iliyovuka mpaka wa Mugina. "Jirani yangu alipona kwa siku tatu," alisema. Nikasoma jina: klobetasoli. Ni steroidi kali ileile ambayo dada zetu huichanganya kwenye mkorogo ili wajichubue ngozi. Niliirudisha, nikaenda kwa daktari.

Alikata kipande kidogo cha nyama kikapimwa. Jibu: laikeni plana ya kinywa. Kinga ya mwili wenyewe hushambulia ngozi laini ya mdomoni. Hauambukizi, lakini hudumu miaka mingi, ukipoa na kurudi.

Ndugu msomaji, hapo ushuhuda wa yule jirani unaanguka. Ugonjwa unaopoa wenyewe huipa sifa krimu yoyote. Kwa hiyo watafiti huwagawa wagonjwa kwa kura: kundi moja hupakwa krimu yenye dawa, jingine inayofanana nayo isiyo na dawa. Mgonjwa hajui amepewa ipi, wala daktari anayempima. Baada ya wiki kadhaa hulinganisha maumivu na vidonda.

Katika majaribio ya namna hiyo, steroidi za kupaka zimeonekana kupunguza maumivu, na ndizo madaktari huanza nazo. Nami niliandikiwa dawa ya jamii hiyohiyo! Tofauti ni maelekezo: kiasi kidogo, baada ya kula, kisha nusu saa bila kula wala kunywa. Ukizidisha, fangasi huota mdomoni. Tena lazima kurudi kuchunguzwa, maana kwa wagonjwa wachache, takriban mmoja kati ya 100, vidonda hugeuka saratani. Krimu ya sokoni ingeweza kunituliza huku hatari ikijificha.

Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani, uzeni bidhaa, lakini mwenye kidonda cha mdomo kilichozidi wiki tatu mwelekezeni hospitali. Mimi sijapona kabisa, ila darasani nasikika hadi dawati la nyuma.