Maandishi Yakipotea Wakati wa Kupanga Kurasa
Mafuriko ya Aprili 2024 yaliathiri kaya nyingi Rufiji na Kibiti. Mstari mmoja ukipotea katika orodha ya taarifa, kaya inaweza kukosa msaada.

Msiandike upya haraka. Kwenye InDesign, tazameni chini kulia mwa fremu. Alama nyekundu ya kujumlisha maana yake maandishi yapo, ila fremu imejaa. Vuteni fremu iwe kubwa, yataonekana.

Mkifuta kwa bahati mbaya, bonyezeni Ctrl na Z kwa pamoja. Umeme ukikatika, fungueni programu tena. Mara nyingi hurejesha kazi.

Kabla ya kuchapa, hesabuni majina na kuyalinganisha na daftari la kigango.